Namba Kumi na Tano

Mke wa mtu akitaka kazi ya serikali, wa kwanza kumhoji si serikali. Ni mama mkwe. Ndinda alilijua hilo, ndiyo maana aliikalia ile barua siku mbili nzima, akaitoa siku ya tatu alasiri, wakati mama mkwe wake, Kalunde, amepakata ungo anachambua mbaazi. Mtu mwenye kazi mikononi hakasiriki haraka.

"Inasema nini?" Kalunde akauliza bila kuinua macho.

"Ni ile kazi ya ngumbaru niliyoomba, mwaitu," akasema Ndinda, akimwita mama kwa Kikamba. "Wanataka mwalimu mmoja wa kudumu. Ofisa anakuja kuniangalia nikifundisha, halafu aniulize maswali."

"Si wewe ni mwalimu tayari? Miaka miwili unatusumbua na a, e, i."

"Mimi ni wa kujitolea. Wa kudumu anaandikwa. Anapata mshahara kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe, isinyeshe."

"Na ukiandikwa, nani atachota maji?"

"Mimi. Asubuhi, kabla sijaenda."

"Na mbaazi?"

"Mbaazi pia."

"Haya. Basi hiyo serikali itapata mwalimu amechoka." Kalunde akapeta ungo, makapi yakamwangukia mke wa mwanawe miguuni. Akachambua kidogo, akatoa jiwe, akawatupia kuku. Kisha akasema, "Hebu soma tena hapo kwa mshahara."

Hiyo ilikuwa ndiyo ruhusa. Kwa Kalunde ruhusa haikuwahi kuja imevaa nguo nzuri.

Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili, katika vilima vilivyo juu ya Mukuyuni. Ndinda alikuwa na miaka ishirini na tisa, watoto wawili, na mume, Jonah, aliyekuwa akiziba magurudumu ya malori kule Kambu na kuja nyumbani pale barabara ilipomruhusu. Shule aliiachia kidato cha pili, karo ilipokwenda kwa kaka yake. Siku ile hakulia, na watu wakadhani hakuumia. Aliumia. Tangu hapo, kila alipoona mtu mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa nguo, alijiona kama mtu anayepita karibu na nyumba inakopikwa nyama naye hajaalikwa.

Ngumbaru, shule ya watu wazima, ilipoanza huko kwao, kanisa likatoa chumba cha Sunday school, na Ndinda akajitolea. Chaki alinunua kwa pesa za mayai. Akafundisha akina mama ishirini na wawili kushika kalamu, akawafundisha kuandika majina yao, na kila mmoja alipomaliza kuandika jina lake kwa mara ya kwanza alisema, "Asante sana, Mama Mutie." Mutie ni mtoto wake wa kwanza. Hakuna aliyesema mwalimu. Mwalimu ni yule wa shule ya msingi, mwenye baiskeli. Tusidanganyane: Ndinda aliutaka mshahara, nani hautaki? Lakini neno lile alilitamani zaidi. Wakati mwingine akifukua mchanga mtoni atafute maji, peke yake, alijiita kwa sauti ndogo, "Mwalimu Ndinda," kisha akageuka haraka kuangalia kama kuna mtu amesikia.

Barua ilikuwa na mstari mmoja wa mwisho ambao hakumsomea Kalunde siku ile. Ulisema kwamba siku ya ukaguzi rejista isiwe na wanafunzi chini ya kumi na tano, na wote wawepo. Chini ya hapo, ofisa hangepoteza wakati wake.

Na msimu wa mbaazi ulikuwa umefika. Wanafunzi walikuwa wamepukutika mmoja mmoja kwenda shambani. Alipohesabu waliobaki, alipata kumi na wanne.

•

Alihesabu tena na tena, hata akamhesabu Kalunde mara mbili, lakini Kalunde akabaki mmoja. Akapita nyumba kwa nyumba. Mmoja alisema mbaazi hazingojei mtu. Mwingine alisema macho yake yanauma. Wa tatu, mama wa makamo mwenye duka la chumvi na kiberiti, alicheka mpaka akashika kaunta: "Mama Mutie, mimi nikae chini nifundishwe na wewe ndiyo wewe upate mshahara? Mimi nitapata nini, homa?"

Ndinda akarudi nyumbani, akakaa jikoni, akamwambia Kalunde kila kitu pamoja na ule mstari wa mwisho.

Kalunde akafikiri. "Na yule wa dirishani?"

"Mwaitu!"

"Mimi nimeuliza tu."

Yule wa dirishani alikuwa Muthama, mume wa Kalunde, baba mkwe wa Ndinda. Na kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe, kwa Wakamba wa kizazi chake, kuna nthoni. Nthoni si chuki, na si woga. Ni heshima yenye mipaka ambayo kila mmoja anaijua bila kuonyeshwa. Muthama alipofika langoni alikohoa, na Ndinda aliposikia kikohozi aliingia jikoni. Wakikutana njiani mmoja alipisha kichakani. Hawakula pamoja, hawakuzungumza uso kwa uso. Neno la mmoja kwa mwingine lilipitia kwa Kalunde hata kama wote watatu wako ua mmoja na wanasikilizana vizuri. Na zaidi ya yote, jina la mzee halikutoka kinywani mwa Ndinda. Hata akiomba alisema "baba wa nyumba hii," na Mungu akajua mwenyewe ni nani.

Pasta alikuwa amehubiri kwamba mambo ya namna hiyo yamepitwa na wakati. Muthama alisikiliza mpaka amina, akavaa kofia yake, akamwambia mkewe njiani, "Yesu hakuwa na mke wa mtoto. Angekuwa naye angejua."

Hata hivyo, mwezi wa pili tu wa ngumbaru, mzee alianza kubeba kigoda chake na kwenda kukaa nje ya darasa, chini ya dirisha la kushoto. Akiulizwa alisema anaota jua. Saa nane mchana, Makueni, mwezi wa Septemba, mtu anaota jua! Ndinda akiandika ubaoni aliuona ukingo wa kofia hapo dirishani. Basi akawa akimaliza kuandika anasogea pembeni, kwenye kona ambayo dirisha halifikii. Kofia inainuka, macho yanasoma. Akirudi ubaoni, kofia inashuka. Hawakuwahi kupatana juu ya jambo hilo. Ila Ndinda alianza kuandika herufi kubwa kubwa, na sauti yake ikapanda, na akina mama wakalalamika kwamba wao si viziwi.

Jina la mzee halikuwahi kuandikwa kwenye rejista, kwa sababu anayeandikwa huitwa, na mwitaji ni mwalimu.

Kalunde akaenda kusema na mumewe. Ndinda akabaki jikoni akikoroga chungu cha muthokoi, mahindi na maharagwe, ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Kupitia ukuta wa miti alisikia kila neno.

"Mke wa mtoto wako anataka kazi."

"Nimesikia."

"Amekosa mtu mmoja. Wakikuandika wewe watakuwa kumi na tano."

Muthama akakohoa, ingawa alikuwa ndani tayari.

"Kazi hiyo ataifanyia hapa hapa?"

"Hapa hapa. Kanisani."

"Basi niandikwe. Lakini nisiitwe. Na kigoda changu kibaki pale nje."

Ndinda akafunika chungu. Alifurahi, kisha akakumbuka kwamba kuandika mtu asiyeitwa ni nusu tu ya kazi.

•

Mwalimu mkuu mstaafu aliyeitwa Nzuki ndiye aliyejua mambo ya interviu. Nyumba yake ilikuwa karibu na soko la Mukuyuni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na Ndinda alikwenda huko Jumamosi mbili na kuku mmoja. Mara ya kwanza alimkuta anakula. Nzuki alimwacha asimame mlangoni mpaka alipomaliza chai, mkate na ndizi, akajipangusa mdomo, ndipo akasema, "Karibu. Kuku weka hapo."

Alimkalisha kwenye kiti kigumu, akajifanya ofisa.

"Lengo la elimu ya watu wazima ni nini?"

"Lengo la elimu ya watu wanzima..."

"Simama hapo. Watu nini?"

"Wanzima."

"Wazima. Za, ze, zi. Hakuna n hapo. Wewe unataka kufundisha na bado unabeba n za kwenu kama mtu anabeba kuni?"

"Wa...nzima."

Mke wa Nzuki alicheka kule jikoni. Ndinda naye akacheka kidogo, ili isionekane imemchoma. Ilimchoma. Wiki nzima alitembea akisema za, ze, zi, akienda mtoni, akikamua mbuzi, mpaka Mutie akauliza kama mama ameumwa na nyuki.

Jumamosi ya pili alisema wazima bila kujikwaa, na Nzuki akaridhika, akaegemea nyuma.

"Sasa rejista. Hapo ndipo watu huanguka. Ofisa ataangalia unavyoita majina. Sauti ya juu, jina kamili, unangoja jibu, unatia alama."

"Mwalimu, kama kuna mtu ambaye siwezi kumwita?"

"Bubu?"

"Baba mkwe."

Nzuki alikuwa Mkamba kama yeye. Akakwaruza kidevu. Kwa mara ya kwanza alimwangalia kama mtu, si kama swali la mtihani. "Hilo," akasema, "halimo kwenye vitabu vyangu."

Akirudi nyumbani, katika ule mlima wa mwisho, ndipo Ndinda alipopata wazo lake. Jeshini wanaitana kwa namba. Hospitali pia. Namba haina nthoni. Jumatatu akampa kila mwanafunzi yake: Kalunde wa kwanza, na kadhalika mpaka dirishani. Wakafanya mazoezi siku tatu. Bibi mmoja, Ndululu, mkongwe kuliko wote, kila siku aliuliza, "Mimi ni saba ama ni tisa?" na kila siku wenzake walimjibu kwa kelele kwamba ni nane. Lakini Ndinda aliposema "Namba kumi na tano," sauti nzito ilitoka nje ya ukuta, fupi, "Niko." Na yeye akatia alama. Mbona ilikuwa rahisi hivyo? Viatu vya kuvaa siku yenyewe akaazima kwa Kasyoka, jirani aliyefanya kazi kliniki. Vilimbana vidole, lakini vilikuwa na visigino.

•

Ofisa alifika Alhamisi saa tano kwa Land Rover ya serikali. Jina lake Kiema, kijana wa Kikamba aliyekulia Nairobi, mwenye suti ya kijivu na adabu ya haraka. Alitoka makao makuu ya mkoa, Embu, na alikuwa na madarasa mengine mawili ya kuona siku hiyo. Akasalimia akina mama, akakaa nyuma kwenye benchi, akafungua faili magotini.

Maswali yalikwenda vizuri. Ndinda alisema watu wazima, tena mara tatu, na mara zote z ilitoka peke yake. Alieleza jinsi Kikamba kinavyoandikwa, kwamba kina i mbili na u mbili, na ile ya pili huwekewa alama juu, na wanafunzi wake wameipa jina: i yenye kofia na u yenye kofia. Ofisa akatabasamu, akaandika. Kalunde aliona tabasamu lile, akamkanyaga jirani yake mguu kwa furaha.

"Sasa ita rejista, uanze somo."

Ndinda akashika daftari. "Namba moja!"

"Niko!" akasema Kalunde, kwa nguvu.

"Namba mbili!"

"Niko!"

Wakaenda hivyo hadi namba nane, ambapo Ndululu alijibu, "Niko! Ama si mimi?" Ofisa akainua mkono.

"Ngoja, mama. Hawa ni wafungwa?"

"Hapana, bwana."

"Hawana majina?"

"Wanayo."

"Mtu mzima anakuja shule ndiyo aheshimiwe. Umempa namba kama gunia la mahindi. Anza tena. Majina."

Hakusema kwa ubaya. Kwa kweli alikuwa na haki, na hilo ndilo lililofanya shingo ya Ndinda iwe na jasho. Akaanza tena. Kalunde wa Muthama hakuweza kumwita hivyo kwa sababu ya nthoni ile ile, akasema Kalunde peke yake. Akaendelea. Wa pili, wa tatu, Ndululu ambaye safari hii alijijua, wa kumi, wa kumi na nne. Kila jina likapata Niko yake na alama yake. Kisha kalamu ikafika mstari wa mwisho, ikasimama.

Jina lilikuwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe. Lina silabi tatu tu, na silabi zote tatu ndiye aliyezifundisha: moja mwezi wa tatu, nyingine mwezi wa nne, nyingine baada ya likizo ya Agosti. Hakuwahi kuzipanga pamoja ubaoni, wala kuzitamka zikifuatana. Angeweza kulisema sasa. Ulimi ulikuwepo, kazi ilikuwepo, imekaa kwenye benchi na suti ya kijivu. Nje dirishani ukingo wa kofia haukutikisika. Alijua kwamba akilisema, mzee atainuka na kigoda chake, ataondoka bila neno, na hatarudi tena darasani wala hatamlaumu kamwe. Na kutolaumiwa huko ndiko asikoweza kuishi nako.

"Wa kumi na tano," akasema ofisa. "Yuko?"

"Yuko, bwana. Pale nje."

"Mwite basi."

Ndinda akafunga daftari. Akageukia ubao, akachukua chaki, akaandika jina, herufi kubwa kubwa. Akasogea kwenye ile kona ambayo dirisha halifikii.

"Mama, nimesema umwite, sikusema uandike."

Kofia ilikuwa inainuka. Uso wa mzee ukatokea dirishani, midomo inacheza. Akina mama wote kumi na wanne wakageuza shingo upande ule, kisha wakakumbuka adabu, wakaangalia ubao.

"Mu," akasema Muthama polepole. "Tha. Ma." Akakunja uso. Akasoma tena kimoyomoyo, akatikisa kichwa. "Mama Jonah!"

"Eeh?" akaitika Kalunde.

"Mwambie mwalimu, huyo mtu ameandikwa hapo mimi simjui. Hiyo u yangu iko na kofia."

Darasa zima likapasuka kwa kicheko. Ndululu alicheka mpaka akakohoa. Kalunde peke yake hakucheka, alisimama, akamgeukia Ndinda kana kwamba ametoka mbali na ujumbe, akasema kwa heshima zote, "Anasema u yake ina kofia, mwalimu."

Ndinda alisikia kofia kwanza. Lile neno jingine lilimfikia baadaye kidogo, alipokuwa tayari amerudi ubaoni na chaki, na alilazimika kukaza macho ili aone pa kuweka ile alama. Akaivalisha u kofia yake. Akarudi konani.

"Eeh," ikasema sauti ya nje. "Huyo ndiye mimi. Niko."

Ofisa aliandika kwa muda mrefu. Baada ya somo alimtoa Ndinda nje, kando ya Land Rover, akamwambia, "Umefundisha vizuri sana. Nimezunguka mkoa huu wote, sijaona mwanafunzi akimsahihisha mwalimu kutoka dirishani. Lakini serikali haiwezi kuwa na mwalimu asiyeita rejista."

"Bwana, yule ni baba mkwe wangu. Naweza kuita jina lingine lolote katika Kenya hii."

Kiema akacheka, akaingia garini. "Hilo nalikumbuka," akasema. "Tutaona vile tutakusaidia."

Na Ndinda, kwa vile alikuwa na njaa ya neno zuri, aliyaokota maneno hayo yalivyo, akaenda nayo nyumbani.

•

Barua ilifika baada ya wiki tano, kwa anwani ya Nzuki, na ni Nzuki aliyeifungua. Safari hii hakumsimamisha mlangoni.

"Hongera, mwalimu. Wamekuchukua."

Ndinda akashika ukingo wa meza. Nzuki akaendelea kusoma kimya, na furaha ikawa inamtoka usoni kidogo kidogo.

"Kituo," akasema, "ni Kyuso."

"Kyuso ya wapi?"

"Kitui. Huko juu kabisa, safari ya siku mbili. Hebu soma mwenyewe."

Akasoma. Lugha ilikuwa nzuri, hata ya upole. Kwa kuzingatia hali iliyoonekana wakati wa ukaguzi, idara imeona ni vema mwalimu apelekwe mahali ambapo hatakuwa na ukwe na mwanafunzi yeyote. Aripoti tarehe mosi. Darasa la sasa lisimame hadi atakapopatikana mwalimu mwingine. Ofisa alikuwa amemsaidia, kama alivyoahidi. Ndinda alisoma mara tatu akitafuta mahali pa kumkasirikia mtu, hakupaona.

Nyumbani, Kalunde alisikiliza mpaka mwisho, mikono mitupu mapajani.

"Huko hakuna wakwe?"

"Hakuna, mwaitu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Basi ni mahali pabaya," akasema Kalunde. Kisha akainuka akaenda kuangalia kuku ambao walikuwa wazima.

Mambo mengine yalisemwa siku zilizofuata, kwa vipande. Kwamba watoto wangebaki na nyanya yao. Kwamba likizo ingekuwepo. Dereva mmoja wa lori aliyepita Kambu alileta maneno ya Jonah: kama mzee amekubali, yeye ni nani. Lakini mzee hakuwa amesema lolote. Alitoka asubuhi, akarudi, akakohoa langoni, akala, akalala. Kalunde alipomwuliza, alisema mbaazi za mwaka huu ni ndogo. Tarehe mosi ikabakia siku nne, kisha tatu, na Ndinda hakuweza kufunga mzigo wala kuandika barua ya kukataa. Kazi aliyoitamani miaka yote hiyo ilikuwa mkononi mwake, imeandikwa jina lake kwa mashine, na ilikuwa imempa uchungu ambao hakujua aupeleke wapi. Kila alipofikiri Kyuso aliwaona watu wasiomjua wakimwita mwalimu tangu siku ya kwanza, wote, bila shida, na akashangaa kwa nini neno halimfurahishi tena likitoka kwao.

Ijumaa ilikuwa darasa la mwisho, kwa vyovyote vile. Mbaazi zilikuwa zimekwisha shambani na wanafunzi wote walirudi, ishirini na wawili, hata yule wa duka la chumvi aliingia na kujibanza nyuma. Ndinda akaita majina. Lilipofika la mwisho, akaliandika ubaoni, na kofia juu ya u, akasogea.

"Niko," ikasema sauti ya nje.

Akarudi ubaoni, lakini somo halikuja. Akasimama na chaki. Akina mama wakamngoja. Hakuna aliyekuwa hajui.

"Mama Jonah," ikaita sauti dirishani.

"Eeh?"

"Muulize mwalimu, herufi zimebaki ngapi."

Kalunde akageuka. "Anauliza herufi zimebaki ngapi."

Ndinda akahesabu kwa vidole, akaanza upya kwa sababu alipotea, akahesabu tena. Ny. Nz. Ng'. Nth. W. Y.

"Sita," akasema.

"Anasema sita," Kalunde akapeleka.

Kigoda kililia kidogo juu ya changarawe, kama mtu anayejiweka sawa kwa kazi ndefu.

"Mwambie azifundishe zote leo. Kyuso ni mbali."

Hayo Kalunde hakuyapeleka. Alikuwa amejifunika uso kwa leso. Lakini Ndinda alikuwa amesikia. Akafuta ubao, jina tu likabaki pale juu, na chini yake akaandika ny.